Seva yako, seva ya kukodi au klaudi: ulizia bei ya kutoka kabla hujaingia

Ukifika muda sistimu ya mauzo, tovuti na mafaili ya ofisi haviwezi tena kukaa kwenye ile kompyuta ya kona, swali linakuwa lilelile kwa kila biashara, tununue seva yetu, tukodi, au twende klaudi? Na kiukweli jibu utakalopewa linategemea sana anayekujibu anauza nini. Anayeuza vyuma atakwambia klaudi inanyonya hela, anayeuza klaudi atakwambia seva ya ofisini imepitwa na wakati. Mimi siuzi chochote hapo, ila kuna kitu kimoja naona watu wanakiuliza mwishoni wakati kilitakiwa kuwa cha kwanza: siku mkitaka kuhama itawagharimu nini? Bei ya kuingia iko kwenye kila tangazo, ya kutoka hakuna anayeitaja, na hiyo ndo inaamua kama miaka 4 ijayo bado mtakuwa na uhuru wa kuchagua au mtakuwa mnalipa tu kwa sababu hakuna namna.

Tuelewane kwanza kwenye majina. Seva yako mwenyewe ni chuma unachokinunua, unakiweka ofisini au unakodi nafasi ndani ya data senta, diski ikifa ni wewe unaibadilisha. Seva ya kukodi iko ya aina mbili, kuna VPS ambayo ni kipande cha seva kubwa mnachogawana na wengine, na kuna seva nzima unayokodi peke yako kwa mwezi, hapa wapo kina Hetzner, OVHcloud, DigitalOcean na wengine kibao, unalipa kiasi kilekile uitumie usiitumie. Halafu klaudi kubwa, yaani AWS ya Amazon, Microsoft Azure na Google Cloud, ambako hukodi seva tu bali databesi iliyokwisha kusetiwa, hifadhi ya mafaili, huduma za AI, GPU (prosesa za kazi nzito kama AI) kwa saa, mamia ya vitu, na karibu kila kimoja kinahesabiwa peke yake.

Hii biashara ya klaudi kwa sura tunayoijua leo imeanza 2006, AWS walitoa S3 (hifadhi ya mafaili) mwezi Machi na EC2 (seva za kukodi) mwezi Agosti, Azure ikafunguliwa kibiashara 2010. Kabla ya hapo ukitaka seva unaagiza, unasubiri mzigo ufike, unafunga, ndo unaanza kazi. Kupata seva ndani ya dakika chache kulikuwa ni mapinduzi kweli na mtu asikudanganye kwamba faida hiyo imeisha, bado ipo. Kilichobadilika ni kwamba sasa hata VPS ya bei ya chini unaipata kwa dakika hizohizo, kwa hiyo kasi peke yake siyo sababu tena ya kwenda klaudi kubwa.

Bei, na hapa ndo penye maneno mengi

Utasikia klaudi ni nafuu, utasikia klaudi ni ghali, na wote wawili wanasema kweli kwa sababu wanaongelea mizigo tofauti. Angalia mzigo wako unapanda na kushuka vipi. Kama mfumo wako ni wa usajili unaofunguliwa siku chache kwa mwaka, au duka la mtandaoni ambalo mwezi mmoja wateja wanajaa na miezi mingine wako wachache, klaudi inakufaa sana, unapanua siku hizo unapunguza baada ya hapo, kununua chuma cha kubeba ile siku moja ya kilele halafu kikae mwaka mzima kimelala ni hasara. Ila kama mzigo wako ni uleule Jumatatu hadi Jumapili, mchana na usiku, basi unalipia uwezo wa kupanda na kushuka ambao huutumii, na hapo seva ya kukodi kwa mwezi au ya kwako inashinda kwa mbali.

Mfano unaotajwa sana ni wa 37signals, kampuni ya programu yenye Basecamp ya kusimamia miradi na HEY ya barua pepe. Mwaka 2022 bili yao ya klaudi ilikuwa kama dola milioni 3.2, wakaamua kutoka AWS, wakanunua seva za Dell za kama dola 700,000, na kufika 2024 walisema bili imeshuka hadi milioni 1.3 kwa mwaka. Dropbox, wale wa kuhifadhi mafaili mtandaoni, nao kabla yao walihamisha sehemu kubwa ya mafaili ya wateja kwenda kwenye data senta zao na kwenye nyaraka za kuingia soko la hisa mwaka 2018 wakaonyesha kuokoa karibu dola milioni 75 ndani ya miaka 2. Sasa watu wakisoma hizi namba wanakurupuka na kutaka kununua chuma kesho. Subiri kwanza. 37signals tayari walikuwa na watu wa kuhudumia seva, hawakuajiri timu mpya, na mzigo wao ni ule wa kila siku unaotabirika. Kampuni ya watu 12 yenye developa mmoja ambaye ndo huyohuyo anatengeneza printa, ikijinunulia seva itaokoa bili afu ipoteze yule developa.

Kitu ambacho kinawashtua wengi kwenye klaudi kubwa siyo bei ya seva, ni bei ya data inayotoka. Kuingiza data ni bure, kuitoa kwenda kwenye intaneti unalipa. AWS kwa orodha yao ya Marekani na Ulaya gigabaiti 100 za kwanza kwa mwezi ni bure, baada ya hapo ni dola 0.09 kwa kila gigabaiti. Inaonekana ndogo eeh? Chukua biashara yenye picha nyingi au video fupi za mafunzo inayotoa terabaiti 5 kwa mwezi, hiyo ni kama dola 440 kila mwezi kwa data tu, bado hujalipia seva, databesi wala hifadhi. Hetzner kwa seva zao za klaudi zilizoko Ulaya wanakupa terabaiti 20 ndani ya bei ileile ya mwezi. Kwa hiyo kama kazi yako ni kutoa mafaili mengi kwa watu wengi, huu mstari mmoja wa bili unaweza kuamua kila kitu peke yake.

Kuna na vidogo vidogo. Tangu Februari 2024 AWS wanatoza dola 0.005 kwa saa kwa kila anwani ya IPv4 ya umma (namba ambayo seva inapatikana nayo kwenye intaneti), kama dola 3.6 kwa mwezi, siyo hela ya kulilia lakini kampuni iliyosahau anwani 40 za majaribio inalipa kila mwezi kwa kitu ambacho hakuna anayekitumia. Na ukikubali kujifunga mwaka 1 au miaka 3 unapata punguzo kubwa, AWS wenyewe wanasema hadi asilimia 72, ila hapo umeshaacha ile faida ya kupanda na kushuka iliyokupeleka klaudi, sasa uko sawa na aliyekodi seva kwa mwezi, tofauti ni kwamba wewe umesaini miaka 3.

Sasa bei ya kutoka

Mwaka 2024 kulikuwa na habari nzuri, Google mwezi Januari halafu AWS na Microsoft mwezi Machi walitangaza kwamba mteja anayehama kabisa hatatozwa ile gharama ya kutoa data. Umoja wa Ulaya nao una sheria yao ya data iliyoanza kutumika Septemba 2025 ambayo inataka ada za kuhama ziondolewe kabisa kufikia Januari 2027. Vizuri. Lakini data ndo sehemu rahisi ya kuhama jamani! Kinachokufunga ni programu uliyoandika.

Ukiweka databesi yako kwenye PostgreSQL, programu ya databesi ya bure isiyo ya muuzaji mmoja, hata kama ni ile inayosimamiwa na AWS au Azure, siku ya kuhama unachukua nakala unaiwasha kokote, seva yako, VPS, klaudi nyingine, PostgreSQL ni ileile. Ila ukijenga kila kitu juu ya DynamoDB, databesi ambayo ni ya AWS peke yao, na vipande vya programu vikawa ndani ya Lambda (huduma yao inayoendesha kipande cha programu pale tu kinapoitwa), na foleni za ujumbe za kwao, na mfumo wao wa kutambua watumiaji, siku ya kuhama huhamishi, unaandika upya. Sisemi Lambda ni mbaya. Kwa kazi fupi fupi kama kupunguza ukubwa wa picha au kutuma risiti ni tamu sana, hakuna mtu ametumia hulipi, ila kazi moja haiwezi kuzidi dakika 15 na haina maana ukiijengea moyo wa biashara nzima bila kujua umejifunga wapi. Mimi ningesema kwenye vitu vya pembeni tumia chochote kinachokurahisishia, kwenye databesi na kuingia kwa watumiaji shika kitu ambacho kinapatikana kwa zaidi ya muuzaji mmoja.

Na usidhani kuwa na seva yako kunakutoa kwenye huu mtego, waulize waliokuwa na VMware. Kwa miaka mingi ndiyo ilikuwa programu ya kwanza kwenye kugawa seva moja kuwa mashine pepe nyingi, kampuni zimenunua laisensi ya kudumu zikajua zimemaliza. Novemba 2023 Broadcom wakamaliza kuinunua VMware, mwezi uliofuata wakasimamisha kuuza laisensi za kudumu, kila kitu kikawa cha kulipia kwa kipindi na kwa idadi ya viini vya prosesa, kima cha chini viini 16 kwa prosesa hata kama yako ina 8. Toleo la bure la ESXi, ile programu yao ya VMware inayokaa kwenye seva, likaondolewa mwanzoni mwa 2024 na kurudishwa 2025, wakati wengi walishaanza kufunga virago. Chuma ni chako, umeme unalipa wewe, na bado mtu wa mbali akaweza kubadilisha bei.

VMware, Hyper-V au Proxmox

Kwa kampuni kubwa yenye mamia ya mashine pepe na timu iliyosomea VMware, kubaki kunaweza kuwa na akili, kuhama ni mradi wa miezi na unagusa hifadhi, mtandao na bakapu zote. Kwa kampuni ndogo na za kati sioni tena sababu ya kuanza upya na VMware leo.

Hyper-V ni ya Microsoft, inafanya kazi ileile ya VMware na inakuja ndani ya Windows Server, kwa hiyo kama tayari mnalipia Windows basi mnayo. Ile Hyper-V Server ya bure iliyokuwa inasimama peke yake iliishia toleo la 2019, haina mrithi. Proxmox VE nayo ni ya kazi hiyohiyo, inatoka Austria, toleo la kwanza 2008, ni chanzo huria (yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuuendeleza), unaweza kuitumia bila kulipa au ukalipia sapoti kwa kila prosesa kwa mwaka, na kuanzia 2024 ina kifaa cha kuvuta mashine kutoka ESXi moja kwa moja. Kwa seva 2 au 3 za ofisi hii ndo ningeichagua bila kusita. Ila mjue kwamba mtu wenu awe anaelewa kidogo Linux, mfumo endeshi wa chanzo huria ambao Proxmox imejengwa juu yake, vitufe vya kwenye kivinjari vinafika mbali lakini siku hifadhi ikigoma utaishia kwenye tamina, ile skrini ya kuandika amri.

Windows Server na Linux

Hapa usiangalie ushabiki, angalia programu zako. Kama programu yenu ya uhasibu inataka SQL Server ya Windows (databesi ya Microsoft), na watu wote wanaingia kwenye kompyuta kwa Active Directory (mfumo wa Microsoft wa kusimamia watumiaji), basi Windows Server, mjadala umeisha. Ila hesabu laisensi vizuri kabla: unalipia viini vyote vya prosesa, si chini ya 16 kwa seva, juu yake kuna laisensi ya kila mtumiaji au kifaa kinachoigusa hiyo seva, na toleo la Standard linakuruhusu mashine pepe 2 tu kwa kila seti ya laisensi. Watu wengi huwa wanabajeti ile ya kwanza tu. Na kama bado mko kwenye Windows Server 2016, mwisho wake ni Januari 12, 2027, anzeni sasa, maana ya 2012 iliisha Oktoba 2023 na kuna ofisi ambazo bado zinaitumia mpaka leo bila masasisho yoyote ya usalama na hilo linanitisha kweli.

Kwa tovuti, sistimu za mtandaoni na databesi za kawaida, Linux. Ubuntu LTS, aina ya Linux inayohudumiwa muda mrefu, inatoka kila baada ya miaka 2 mwezi Aprili na inapata masasisho ya bure miaka 5. Debian, aina nyingine, inaenda taratibu na haina kampuni moja inayoimiliki, na mimi kitu ambacho hakina mmiliki wa kuamka asubuhi kubadilisha masharti nakithamini sana. Kumbuka CentOS 8, Linux ya bure iliyokuwa chini ya kampuni ya Red Hat: watu waliiweka kwenye seva zao wakijua itafika 2029, Desemba 2020 Red Hat wakatangaza inaishia mwisho wa 2021. Ilikuwa taharuki, lakini kwa sababu ilikuwa chanzo huria, ndani ya mwaka huohuo 2021 zikatoka mbadala wake AlmaLinux na Rocky Linux, na wengi walihamia kwa kuendesha skripti moja na kuwasha seva upya. Linganisha na wale wa VMware utaona bei ya kutoka inavyotofautiana kati ya programu na programu. Redis, databesi ya kasi inayokaa kwenye memori, nao walibadilisha laisensi Machi 2024, kabla mwezi haujaisha Valkey, mbadala wake wa chanzo huria, ikawa imeshaanzishwa chini ya Linux Foundation.

Apache na Nginx, zile programu zinazotoa kurasa za tovuti kwa wageni, sitakaa sana, zote ni nzuri. Apache ni ya 1995, ina faili la mipangilio la .htaccess ambalo tovuti nyingi za PHP zinalitegemea. Nginx ya 2004 ilitengenezwa kwa ajili ya kubeba maelfu ya watu kwa wakati mmoja bila kumaliza memori, na inafaa kukaa mbele ya programu nyingine. Ukiwa na WordPress moja yenye wageni wa kawaida hutaona tofauti yoyote.

Kontena ndiyo, Kubernetes pole pole

Docker, programu ya kutengeneza kontena, ilipotoka 2013 ilirahisisha kitu ambacho kwa mada yetu hii ni dhahabu, programu yako inafungwa pamoja na vyote inavyohitaji, hicho kifurushi ndo kontena, na inakimbia vilevile kwenye laptopu, kwenye VPS na kwenye klaudi. Bei ya kutoka inashuka hapohapo, kwa hiyo hata kama mna seva moja nashauri mtumie kontena.

Kubernetes ni habari nyingine. Google waliitoa 2014, ni ya kuendesha kontena nyingi kwenye seva nyingi, na inafanya hivyo vizuri sana. Tatizo ni matunzo, matoleo mapya 3 kwa mwaka, kila toleo linahudumiwa kama miezi 14, ukichelewa mnabaki nyuma. Kwenye AWS hata uchelewaji una bei yake, klasta (kundi la seva) ya kawaida ya EKS, Kubernetes inayosimamiwa na AWS, inatozwa dola 0.10 kwa saa, ikibaki kwenye toleo lililopitwa inakuwa dola 0.60, yaani kutoka kama dola 73 kwa mwezi hadi 438 kwa sababu tu hamjafanya apdeti. Kampuni yenye programu 3 na developa 2 haihitaji hiki kitu, Docker Compose, kifaa cha kuwasha kontena kadhaa pamoja, kwenye seva moja nzuri inatosha miaka mingi.

Kuzima, na bakapu

Watu wanaenda klaudi wakiamini haizimiki. Oktoba 20, 2025 eneo la AWS la Virginia Kaskazini lilipata hitilafu iliyoanzia kwenye DNS (mfumo wa kutafuta anwani kwa jina) ya DynamoDB, na huduma kubwa kabisa zikiwemo Signal na Snapchat zikayumba dunia nzima. Machi 2021 jengo la data senta ya OVHcloud mjini Strasbourg liliungua, na kuna wateja walipoteza mpaka bakapu kwa sababu zilikuwa eneo hilohilo. Mei 2024 kosa la mipangilio upande wa Google Cloud lilifuta mazingira ya UniSuper, mfuko wa pensheni wa Australia wenye wanachama zaidi ya nusu milioni, huduma zikawa chini kama wiki, na moja ya vitu vilivyowasaidia kurudi ni bakapu waliyokuwa nayo kwa mtoa huduma mwingine kabisa.

Seva ya ofisini nayo ina yake, umeme, wizi, joto, maji ya bomba lililopasuka juu ya dari. Kwa hiyo kwenye hili hakuna upande unaoshinda. Nakala moja ikae kwa muuzaji tofauti, akaunti tofauti, nywila tofauti, gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha. Halafu kuna hili ambalo linawapita wengi, ukikodi mashine ya Linux kwenye EC2 au kwenye VPS, kufanya masasisho ya usalama ni kazi yako siyo yao, wao wanatunza jengo na chuma. Kama hakuna mtu wenu wa kufanya hivyo, nendeni kwenye huduma inayosimamiwa, databesi ya kusimamiwa na tovuti ya kusimamiwa, mlipe zaidi kidogo. Hapo hela ya ziada mnainunulia usingizi na ni matumizi halali kabisa.

Kwa hiyo nani achukue nini

Biashara changa ambayo haijajua itakuwa na wateja 50 au 50,000: VPS au huduma inayosimamiwa, PostgreSQL, kontena, basi. Msinunue chuma na msijenge juu ya vitu 20 vya klaudi moja.

Ofisi yenye mafaili makubwa ya ndani, michoro, video, intaneti yenye kusuasua: seva yenu wenyewe hapo ndani, Proxmox au Windows kulingana na programu, na bakapu nje. Kuvuta faili la gigabaiti 8 kutoka bara lingine kila asubuhi ni kujitesa.

Mfumo wenye wateja wengi na mzigo usiobadilika, na mna mtu mmoja au wawili wanaojua seva vizuri: kodini seva nzima kwa mwezi, au mnunue muweke kwenye data senta. Hapa ndo penye akiba ya kweli.

Mzigo wa kupanda na kushuka, wateja wa mabara tofauti, au mnataka GPU za AI kwa saa chache tu kwa wiki: klaudi kubwa, na wekeni tahadhari ya bajeti siku ya kwanza kabla hamjawasha kitu kingine chochote. Kuchanganya pia kunaruhusiwa, wengi sana ndo wanakoishia, kazi za kila siku kwenye seva ya kukodi na vilele klaudi.

Na yule anayekuja kuwauzia, awe wa chuma au wa klaudi, muombeni jambo moja kwenye kikao: achukue nakala ya databesi ya majaribio kutoka kwenye huduma yake aiwashe kwa muuzaji mwingine mbele yenu. Akiweza ndani ya saa moja mnaweza kuanza kuongea bei. Akianza kueleza kwa nini hilo halina haja, mshukuruni kwa muda wake muite anayefuata.